Usiku wa Mombasa kwa mgeni: mwongozo kamili kuanzia machweo hadi mahamri ya alfajiri

Mgeni anayeanza kwa kuuliza "disko gani inavuma siku hizi?" mara nyingi huishia kwenye foleni ya feri saa 9 usiku, viatu mkononi, akihesabu chenji. Swali la kuanza nalo ni jingine: nitarudije? Mombasa ni kisiwa. Kaskazini unatoka kwa daraja la Nyali, magharibi kwa Makupa, kusini kwa kivuko cha Likoni. Raha zenyewe zimetawanyika pande zote za maji: chakula na kahawa viko kisiwani, muziki mkubwa uko bara ya kaskazini, na mahoteli yenye picha nzuri za ufuo yako kila upande. Ukishajua utakavyovuka kurudi, mengine yote hujipanga.

Kwanza, chagua upande wa kulala

Ukitaka kuujua mji wenyewe, lala kisiwani: Ganjoni, Kizingo, Tudor au karibu na Moi Avenue. Hapo Mji wa Kale uko mwendo mfupi wa tuktuk, na hata ukitoka kucheza muziki Nyali, kurudi ni kuvuka daraja moja tu.

Ukiwa umekuja kwa ajili ya muziki na bahari, lala Nyali au Bamburi. Utakuwa katikati, kisiwa kikiwa upande mmoja na Mtwapa, mji wa klabu, upande wa pili. Binafsi hapa ndipo ninapowaelekeza wageni wengi, hasa wanaokuja kundi zima.

Diani ni pazuri, lakini Diani si Mombasa. Iko ng'ambo ya Likoni, mbali kusini katika kaunti ya Kwale, na ina usiku wake unaojitosheleza. Anayelala Diani akapanga kula chakula cha jioni Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, na kucheza muziki Mtwapa amejipangia usiku wa barabarani. Chukua siku mbili Diani, kisha uhamie upande wa huku.

Ukija kutoka Nairobi kwa reli, kumbuka kwamba treni ya usiku huondoka saa 4 usiku na kukushusha Miritini kabla ya alfajiri. Miritini iko bara ya magharibi, na saa hizo hoteli nyingi hazitakupa chumba. Waandikie mapema, la sivyo ukae stesheni hadi kupambazuke. Kuzurura na begi mjini saa 10 za alfajiri hakuna faida.

Kuhusu msimu: Desemba mji hufurika, bei za vyumba hupanda na kila mahali kuna sherehe. Kati ya Aprili na Juni ni masika. Mvua hunyesha, vyumba hushuka bei, na baadhi ya sehemu za wazi ufuoni huwa kimya. Ukiweza kuchagua, Agosti na Septemba kuna upepo mzuri, na mwili hautoki jasho kama Februari.

Kabla hujatoka chumbani

Beba kitambulisho. Umri wa kunywa Kenya ni miaka 18, na baunsa ana haki ya kukuuliza hata kama una mvi. Mgeni wa nje ya nchi aache pasipoti hotelini na kubeba nakala yake.

Pesa nyingi zitatoka kwenye simu. M-Pesa hufanya kazi kuanzia baa kubwa hadi kwa muuza mihogo, kwa hivyo hakikisha simu ina chaji na salio. Beba pia noti ndogo ndogo za shilingi 50, 100 na 200, kwa ajili ya kahawa, tuktuk na vijana wa kuegesha magari. Ukitoa noti ya 1,000 kwa muuza kahawa utamsumbua, naye ataishia kukuzungusha akitafuta chenji kwa majirani.

Tenga nauli ya kurudi kabla hujatenga ya kinywaji, uiweke mfuko tofauti. Kadi ya benki moja inatosha. Ya pili ibaki chumbani.

Mavazi yana mantiki yake. Kaptula na blauzi isiyo na mikono hazina neno Bamburi. Mji wa Kale ni mtaa wa watu, wenye misikiti na wazee barazani. Funika mabega na magoti. Mwanamke akitupia mtandio au leso begani atapata heshima na pia bei nzuri. Kama usiku mmoja una sehemu zote mbili, vaa kwa ajili ya Mji wa Kale, kisha vua koti ukifika Nyali.

Machweo: Lighthouse

Jua huzama Mombasa kati ya saa 12 na saa 1 kasoro mwaka mzima. Fika Lighthouse saa 11 na nusu. Jina rasmi ni Mama Ngina Waterfront, na bustani ilifanyiwa ukarabati mkubwa uliozinduliwa mwaka 2019, ila ukimwambia mtu wa tuktuk "Lighthouse" atakupeleka bila kuuliza zaidi.

Hapa ndipo unapoiona bandari ikifanya kazi. Meli zinazoingia Kilindini hupita kwenye mkondo mwembamba mbele yako, karibu kiasi cha kuona watu kwenye sitaha. Meli ya makontena ikipita, watoto huipungia mikono na watu wazima husimamisha mazungumzo. Kilindini haifungwi usiku, kwa hivyo hata baada ya giza utaziona taa zikisogea.

Kaa ukutani, nunua dafu, muhogo wa kukaanga uliotiwa pilipili na ndimu, au embe mbichi. Familia nyingi huja hapa, na kwa mwanamke anayesafiri peke yake ni mahali pazuri pa kuanzia. Piga picha za bahari na mibuyu upendavyo. Kwenye feri na mitambo ya bandari, zima kamera. Maaskari hawapendi na hutafurahia maelezo utakayotakiwa kutoa.

Usikae hadi watu waishe. Adhana ya magharibi ikishapita na familia zikaanza kuondoka, nawe ondoka.

Saa 1 hadi saa 4: kula, na kula tena

Huu ndio moyo wa usiku wa Mombasa, na ndio wageni wanaouruka. Wanakula hotelini, wanalala kidogo, wanaamka saa 5 kwenda disko. Disko ziko kila mji. Viazi karai vya Mombasa haviko kila mji.

Mpango wangu ni kutokula sahani kubwa mahali pamoja. Anzia barabara ya Makadara au Kibokoni, ambako wauzaji huweka meza na makarai nje baada ya magharibi. Chukua viazi karai, yaani viazi vilivyochovywa kwenye uji wa unga wenye bizari ya manjano na kukaangwa, ukivinyunyizia ukwaju. Sogea mbele kidogo upate mishkaki. Kwa kawaida unakula kwanza na kulipa kwa idadi ya vijiti, kwa hivyo usivitupe. Kuna mkate wa mayai, kachori, bajia na viazi vya rojo vyenye kila kitu ndani yake. Mwenye moyo atafute supu ya pweza. Wauzaji wake watakuhadithia nguvu inayompa mwanamume. Inywe kwa sababu ni tamu, hayo mengine waachie wao.

Ukitaka kukaa chini kwa meza, Tarboush ya Makadara imezoea wageni na hufanya kazi hadi usiku, na Island Dishes ya Kibokoni ina vyakula vya Kiswahili vya nyumbani: samaki wa kupaka, wali wa nazi, mahamri. Biriani kwa kawaida hupikwa kwa ajili ya mchana, hasa Ijumaa. Ukiikuta usiku, uliza kama ni ya leo.

Mikahawa ya Mji wa Kale haiuzi pombe, na si mahali pa kuja na chupa yako ndani ya begi. Juisi ziko: ya ukwaju, ya ndimu, ya miwa iliyosagwa na tangawizi. Kama una tumbo la mgeni, kunywa iliyokamuliwa mbele yako na ukatae barafu.

Halafu kahawa. Muuza kahawa huwa na deli la shaba juu ya makaa na vikombe vidogo visivyo na mkono. Kahawa ni chungu, ina tangawizi, na haitiwi sukari; utamu unaletwa na kashata, tende au kipande cha halua. Toa salamu kabla ya kuagiza. "Salaam aleikum" inapokelewa na kila mtu bila kukuuliza dini yako, na "hamjambo" inatosha vilevile. Ukishasalimu, kaa kwenye benchi na usikilize. Mazungumzo yatakuwa ya mpira, siasa au jirani asiyekuwepo. Vijiwe hivi vingi ni vya wanaume. Mwanamke hatafukuzwa, ila akija na mwenyeji au na mwenzake atastarehe zaidi.

Vichochoro vya ndani, kuelekea Ndia Kuu na bandari ya zamani ya majahazi, vipite kukiwa na watu. Milango iliyochongwa itakupendeza zaidi mchana kwa hivyo hukosi kitu. Kama unataka kuvipita usiku, mtafute mwenyeji unayemwamini kupitia hoteli yako, mkubaliane ujira kabla ya hatua ya kwanza.

Ukija Ramadhani

Wengi hudhani Ramadhani ni mwezi wa kuikwepa Mombasa. Mimi naona kinyume. Mchana ni kweli mikahawa mingi ya kisiwani imefungwa, na kula hadharani mbele ya waliofunga ni utovu wa adabu. Lakini jua likizama, mji hugeuka. Kwanza barabara hutulia kwa futari, pengine kwa saa nzima, na wakati huo hutapata tuktuk kirahisi. Baada ya tarawehe watu humwagika nje, watoto kwa wazee, maduka hubaki wazi, na meza za vitafunio huongezeka hadi kuziba njia. Utakula vitu visivyoonekana miezi mingine, na kwa wingi.

Wageni wa muziki na bia wajue kwamba sehemu nyingi za bara ya kaskazini huendelea kama kawaida. Ila usitoke huko ukiyumba na kuingia Mji wa Kale usiku wa daku. Sikukuu ya Idd nayo ina shamrashamra zake. Usiku wa mwezi kuandama, Lighthouse na viwanja vya Makadara hujaa kupita kiasi.

Saa 5 kuendelea: muziki

Usiende mapema. Saa 3 utakaa na wahudumu wanaopanga viti. Watu huingia kuanzia saa 5, na kilele ni baada ya saa 6, hasa Ijumaa na Jumamosi. Sheria ya kitaifa ya vileo ya mwaka 2010 iliweka saa 5 usiku kuwa mwisho wa baa za kawaida, huku leseni ya klabu za usiku ikiwa na saa zake ndefu zaidi. Utakuta baa nyingi zikipitiliza. Polisi nao hupita, na wakipita hubeba wateja pamoja na mwenye baa. Kwa hiyo baada ya saa 5 kaa kwenye klabu inayojulikana, yenye mlango unaolindwa, si kibanda chenye spika moja.

Kisiwani, Moi Avenue ndiyo njia ya zamani ya mabaharia. Zamani ikiitwa Kilindini Road, na baa zake zilikua pamoja na bandari. Mpaka leo utakutana na Wafilipino, Wahindi na Waukraine walioshuka kwenye meli kwa saa chache. Ni usiku wenye hadithi nyingi na pia wenye wanaojiuza wengi. Ukikaribiwa na hutaki, "asante, niko sawa" ikisemwa kwa tabasamu inatosha. Hakuna haja ya kutukana mtu aliye kazini.

Nyali ni ya wenye kutaka kukaa vizuri: mikahawa inayotazama maji, vinywaji vya bei ya juu, muziki wa chini unaoruhusu mazungumzo. Ukikaa English Point Marina unaona Fort Jesus na Mji wa Kale upande wa pili wa mkondo, na kwa wapenzi wawili au mtu aliyekuja na wazazi, mimi ningeishia hapo tu.

Bamburi ina mchanganyiko: baa za ufuoni, bendi, vijana wa mji na watalii wa ndani. Hapa ndipo uulizie bango. Ni muziki wa Pwani wenye saksofoni mbele, mwendo wa taratibu, unaochezwa na watu wazima wanaojua kuvaa. Ukikuta bendi ya bango wikendi, acha mipango yote mingine. Kwenye hoteli kubwa utapata ngoma za Kimijikenda kabla ya chakula, zilizofupishwa kwa ajili ya watalii. Si mbaya, lakini usidhani umeona sengenya, ngoma ya Wadigo, yenyewe.

Mtwapa ni habari nyingine. Iko kilomita kumi na kitu kutoka kisiwani, ukishavuka daraja la mkondo wa Mtwapa na kuingia kaunti ya Kilifi. Hailali. Klabu zinafuatana barabarani, nyama choma iko saa zote, na mtu huingia Ijumaa akatoka Jumapili. Nenda ukiwa kundi, ukiwa na dereva mliyekubaliana naye kurudi, na ukiwa umeshakula. Kwa anayetaka kuona mara moja na kuondoka, saa mbili zinatosha.

Mnazi, yaani pombe ya mnazi, nao usikose kuujua. Hunywewa mangweni, vilabu vya pombe hiyo, mchana na jioni zaidi kuliko usiku wa manane. Uliogemwa karibuni ni mtamu na mwepesi. Kadiri saa zinavyosonga unachacha na kupanda kichwani. Nenda na mwenyeji wa Kimijikenda, na usisifu sana mbele ya mwuzaji, maana mnajua mgema akisifiwa hufanya nini.

Mambo ya kujihadhari nayo, bila kutishana

Hatari kubwa ya mgeni kwenye klabu za Kenya ni kuwekewa mchele, yaani dawa ya kulevya ndani ya kinywaji. Anayelengwa zaidi ni mwanamume aliye peke yake, aliyependwa ghafla. Huamka kesho yake bila simu, bila pesa, na M-Pesa imemwagwa yote. Kinga yake ni hii: chupa ifunguliwe mbele yako, usiiache mezani ukienda chooni, usipokee kinywaji ulichonunuliwa bila kukiona kikitoka kaunta, na usimpeleke chumbani mtu uliyekutana naye saa moja iliyopita. Hoteli nzuri huandika kitambulisho cha kila mgeni anayepandishwa chumbani. Usikasirike, wanakulinda. Mwenzako akilegea ghafla baada ya kinywaji kimoja, huyo hajalewa. Mpeleke hospitali.

Weka kikomo cha kutuma pesa kwenye huduma ya benki ya simu kabla ya kutoka, na namba ya siri isiwe mwaka wako wa kuzaliwa.

Simu isishikwe mkononi ukiwa ndani ya tuktuk. Wanaopita kwa bodaboda huzinyakua. Ufuo wa bahari usiku, baada ya watu kuondoka, si mahali pa matembezi, hata kama mwezi umeng'aa namna gani. Na usiogelee ukiwa umelewa: mkondo wa maji kujaa na kupwa hapa una nguvu.

Jambo moja halina mzaha. Ukiona mtoto akitumiwa kingono, iwe Mtwapa au kwenye hoteli yako, piga 116, namba ya bure ya kuwasaidia watoto. Kwa dharura nyingine ni 999 au 112.

Kurudi

Uber na Bolt hufanya kazi Mombasa, na usiku ndizo njia bora. Linganisha namba ya gari kabla ya kupanda. Tuktuk kwa safari fupi za kisiwani, bei ikiwa imekubaliwa kabla hujakaa. Bodaboda iache kama umekunywa. Matatu za Posta kwenda Bamburi na Mtwapa ni rahisi mchana na jioni, lakini usiku mkubwa hupungua na kupandisha nauli.

Ukiwa na gari lako, mmoja asinywe. Polisi hupima pumzi za madereva, na barabara ya Nyali kwenda Mtwapa ni ya kutegwa wikendi.

Feri ya Likoni huvuka usiku kucha, na waendao kwa miguu hawalipi. Lakini usiku wa manane zinazofanya kazi huwa chache na kungoja ni kurefu. Simama penye taa, karibu na watu wanaotoka kazi za usiku, si pembeni. Mwenye gari anaweza kukwepa feri kwa kuzunguka Dongo Kundu.

Alfajiri

Ukikesha, usilale na njaa. Kuanzia saa 11 na nusu, mama lishe na mikahawa midogo ya kisiwani huanza kutoa mahamri ya moto na mbaazi za nazi, pamoja na chai ya maziwa au ya rangi. Majengo, Mwembe Tayari na pembeni mwa Marikiti hutakosa. Utakula na makuli, madereva wa malori na watu waliotoka msikitini, nawe ndiye pekee hapo unayemaliza siku badala ya kuianza. Kula, lipa, toka. Viti ni vya wenye kazi.

Waambie watu wa mapokezi tangu jana kwamba utachelewa kuondoka, maana hoteli nyingi hutaka chumba saa 4 asubuhi, na ukiomba nyongeza saa 3 na nusu ukiwa na macho mekundu, watakutoza nusu siku.